Je, Wajua? Maajabu Yaliyomo Kwenye Chupa ya Maji ya Bahari

Maji ya bahari yanaweza kung'aa hadi ukaona kucha za miguu yako, na bado yakakulaza kitandani siku tatu. Vijidudu vinavyomharisha muogeleaji havina rangi, na mara nyingi havina hata harufu. Ndiyo maana, kuanzia California hadi Durban, kuna watu ambao kazi yao ni kuingia baharini asubuhi na chupa tupu, kuchota maji kidogo na kuyakimbiza maabara. Nimesoma sana habari za kazi hii, na kila nikisoma nakutana na jambo jipya la kushangaza. Haya ndiyo niliyoona siwezi kukaa nayo peke yangu.

Chini ya nusu glasi huufunga ufukwe mzima

Kipimo kinachotumika karibu dunia nzima ni mililita 100 za maji. Hizo hazijazi hata nusu ya glasi ya kawaida, lakini kwa hizo ufukwe wa kilomita nzima hufungwa au hufunguliwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 unataka wastani wa bakteria wanaoitwa enterokoki katika maji ya bahari usizidi 35 kwa kila mililita 100. Umoja wa Ulaya nao huupa ufukwe wa bahari daraja la juu kabisa iwapo, kwa hesabu ya misimu kadhaa, enterokoki hawazidi 100 na bakteria wengine, E. coli, hawazidi 250 katika karibu sampuli zote.

Na hiyo 35 haina maana kwamba hakuna atakayeugua. Walioiweka walikadiria kuwa katika kiwango hicho, waogeleaji kama 36 kati ya kila 1,000 wataumwa tumbo. Kwa hiyo kibao cha "salama" ufukweni kina hesabu ya wagonjwa ndani yake, na kuna watu waliokaa mezani wakakubaliana kuhusu idadi hiyo.

Anayetafutwa si mhalifu

E. coli na enterokoki wengi hawana madhara yoyote. Wako tumboni mwako sasa hivi unaposoma, wanaishi kwa amani na wewe. Wanaoleta maradhi ni wengine: virusi vya noro, virusi vya homa ya ini aina ya A, salmonela, giardia na wenzao. Tatizo ni kwamba hao ni wa aina nyingi mno, huwa wachache ndani ya maji, na kumpima kila mmoja peke yake ni gharama na kazi ndefu.

Wataalamu wakachagua njia ya wahenga: dalili ya mvua ni mawingu. Bakteria wa tumboni wakionekana kwa wingi, basi kinyesi kimeingia majini, na kinyesi kikiingia, magonjwa yanaweza kuwa yamefuatana nacho. Baharini hutafutwa zaidi enterokoki kwa sababu wanavumilia chumvi kuliko E. coli, ambao ndio hutumika sana kwenye mito na maziwa.

Aliyempa E. coli jina lake la leo alipitia Entebbe

Mwaka 1885, daktari wa watoto Theodor Escherich alikuwa akichunguza vinyesi vya watoto wachanga mjini Munich, Ujerumani, alipomkuta bakteria mwenye umbo la kijiti. Yeye alimwita Bacterium coli commune, kwa kuwa alimkuta kila mara kwenye utumbo mpana.

Jina la Escherichia lilikuja baadaye, mwaka 1919, katika kitabu cha tiba ya magonjwa ya nchi za joto kilichoandikwa na Aldo Castellani na Albert Chalmers. Castellani huyu, Mwitaliano, ndiye aliyefika Entebbe, Uganda, mwaka 1902 na tume iliyotumwa kuchunguza malale. Huko aliwaona vimelea vya ugonjwa huo ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mtu mmoja anagusa historia ya malale kando ya Ziwa Viktoria, na pia jina linaloandikwa leo kwenye ripoti nyingi za maji ya kuogelea. Escherich mwenyewe hakuliona jina hilo likitumika, alikuwa amekwishafariki mwaka 1911.

Bakteria wanaowaka buluu gizani

Katika njia moja maarufu ya maabara, maji ya ufukweni huchanganywa na chakula maalumu cha bakteria, yakamiminwa kwenye trei ya plastiki yenye vishimo 97, kisha trei ikafungwa na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 41 kwa saa 24. Joto hilo ni kali kuliko la mwili wa binadamu, kusudi wageni wasiotakiwa washindwe na enterokoki wastawi. Maji ya bahari hupunguzwa makali kwanza kwa maji safi, angalau mara kumi, ili chumvi isivuruge mambo.

Kesho yake mtaalamu anazima taa na kuwasha taa ya mwanga wa urujuanimno. Kila kishimo chenye enterokoki kinawaka buluu, kwa sababu bakteria wamekila kile chakula na kukivunja, na kipande kilichobaki ndicho kinachong'aa. Anahesabu vishimo vilivyowaka, anatazama jedwali la takwimu, na jedwali linamwambia idadi inayoelekea kuwa ndiyo. Hakumwona bakteria hata mmoja kwa darubini. Amewahesabu kwa taa zao.

Majibu ya leo ni habari za jana

Hapa ndipo penye utamu na uchungu wa kazi yote. Ikiwa bakteria wanahitaji saa 24 ili waote, basi kibao cha "usiogelee" kinachosimikwa asubuhi hii kinaeleza maji ya jana. Walioogelea jana wamekwishaogelea, na huenda wanaofukuzwa leo wanafukuzwa kwenye maji safi.

Ni kwa kasi gani maji hubadilika? Watafiti wa Huntington Beach, California, waliamua kupima mara kwa mara, wakafika hadi kuchota kila baada ya dakika kumi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2002, asilimia 70 ya nyakati ambazo sampuli moja ilivuka kiwango zilidumu chini ya saa moja. Fikiria maana yake: bakteria wanapanda, wanavuka mstari wa hatari, wanashuka, na trei ya maabara haijapata hata joto.

Mchana, jua nalo linafanya kazi yake. Mionzi yake huua bakteria hawa, kwa hiyo hesabu huwa juu usiku na alfajiri, kisha ikashuka kadiri jua linavyopanda. Maji yaleyale, mahali palepale, yakichotwa saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana yanaweza kupewa hukumu mbili tofauti. Ndiyo sababu afisa makini huandika kwenye lebo ya chupa saa aliyochota, na hufanya hima: sampuli huwekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara ndani ya saa sita, maana ndani ya chupa pia maisha yanaendelea.

Siku hizi kuna njia ya kukwepa kusubiri. Badala ya kuwaotesha bakteria, maabara husoma vinasaba vyao moja kwa moja na kutoa jibu ndani ya saa chache. Chicago ilianza kuzitumia mbinu za namna hiyo katika fukwe zake za Ziwa Michigan, na mwaka 2022 wilaya ya San Diego ikafuata kwa bahari. Sampuli ya alfajiri inatoa jibu kabla ya jua la utosi.

Hata mwezi una neno lake

Wavuvi wetu wanajua bamvua kuliko mtu yeyote: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Sasa sikia hili. Watafiti walipokusanya takwimu za fukwe 60 za kusini mwa California, waligundua kwamba kwenye nyingi kati ya hizo enterokoki huongezeka wakati wa bamvua, hasa maji yanapokupwa.

Maelezo yake yana mantiki nzuri. Maji ya bamvua hufika juu kwenye mchanga ambao siku nyingine hauguswi, yakalowesha mwani uliooza, vinyesi vya ndege na uchafu uliokwama hapo, kisha yakirudi yanavizoa vyote. Mtu anayepanga siku ya kuchota sampuli bila kutazama mwezi anaweza kudhani ufukwe umeharibika, kumbe kalenda tu imegeuka.

Mtoto hunywa bahari mara mbili ya mtu mzima

Je, muogeleaji humeza maji kiasi gani? Swali hili lilijibiwa kwa ujanja ambao unanifurahisha kila nikiukumbuka. Baadhi ya mabwawa ya kuogelea hutiwa kemikali ya kuilinda klorini isiharibiwe na jua, na kemikali hiyo ikimezwa hupita mwilini bila kubadilika na kutoka kwenye mkojo. Mtafiti Alfred Dufour na wenzake waliwaomba waogeleaji 53 waogelee angalau dakika 45, kisha wakakusanya mkojo wao wa saa 24 na kuupima.

Watoto walikuwa wamemeza wastani wa mililita 37, watu wazima 16. Wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao ndio mabingwa: utafiti wa Oregon ulikadiria kuwa humeza kama mililita 170 kwa siku moja ya mchezo, yaani zaidi ya ile chupa nzima ya sampuli. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kiliwapima wachezaji hao na kukuta asilimia 9 yao wamebeba E. coli wanaostahimili dawa moja muhimu ya antibayotiki, wakati kwa wasioingia sana baharini ilikuwa asilimia 3. Bahari, kumbe, huenda ni njia mojawapo ya usugu wa dawa kusafiri kutoka mwili hadi mwili.

Watu 1,216 waliopigiwa kura nani aingie majini

Kuthibitisha kwamba maji ndiyo yaliyomwangusha mtu si rahisi. Labda alikula samaki wa jana, labda aliambukizwa na mtoto wake. Kati ya mwaka 1989 na 1992, wanasayansi wa Uingereza walifanya jambo la ujasiri. Waliwakusanya watu wazima 1,216 wa kujitolea katika fukwe nne, wakawagawa kwa bahati nasibu: hawa waingie majini, hawa wabaki nchi kavu. Walioingia walitakiwa kukaa angalau dakika kumi na kuzamisha vichwa mara tatu, huku maji yaliyowazunguka yakichotwa na kupimwa.

Jibu lilichapishwa mwaka 1994 katika jarida la Lancet. Bakteria wa kundi la enterokoki, wakipimwa kwenye kina cha kifuani, ndio waliotabiri nani ataugua tumbo, na hatari ilianza kuonekana wakizidi 32 hivi kwa mililita 100. Linganisha na ile 35 ya Wamarekani, iliyopatikana kwa njia nyingine kabisa, kwenye fukwe nyingine, ng'ambo ya Atlantiki. Namba mbili zilizokaribiana namna hiyo bila watu kupatana ni jambo la kumfanya mtafiti alale usingizi mzuri.

Mgeni wa Cairo aliumia kuliko mwenyeji wa Alexandria

Utafiti mwingine mkubwa ulifanyika barani kwetu, katika fukwe za Alexandria, Misri. Timu ya Victor Cabelli, mtu ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa ile 35, ililinganisha wakazi wa mji huo na wageni waliotoka Cairo kuja kupunga upepo. Katika maji yenye uchafu uleule, wageni waliugua zaidi. Wenyeji walikuwa wamekwishakutana na vijidudu vya mwambao wao na miili yao imejifunza kujilinda.

Nadhani jambo hili lingepaswa kuzungumzwa zaidi Zanzibar, Malindi na Diani. Mwenyeji anayesema "mimi naogelea hapa tangu utotoni na sijawahi kuumwa" anasema kweli, lakini ukweli wake haumhusu mgeni aliyeshuka ndege jana. Wala haumhusu mtoto mdogo wa nyumbani kwake, ambaye mwili wake bado haujajifunza.

Mita 400 zinatosha kubadilisha kila kitu

Kiangazi cha mwaka 1995, watafiti wa Ghuba ya Santa Monica, California, waliwafuatilia waogeleaji 11,793. Walitaka kujua kama kuna tofauti kati ya anayeogelea mbele ya mdomo wa mtaro wa maji ya mvua na anayeogelea umbali wa mita 400 hivi kutoka hapo. Tofauti ilikuwepo, na ilikuwa wazi: waliokuwa karibu na mtaro waliugua zaidi homa, matatizo ya masikio na kutapika. Matokeo hayo yalisaidia kuifanya California itunge sheria kali za kupima fukwe zake.

Los Angeles hadi leo huwashauri watu wasiingie baharini kwa saa 72 baada ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inafagia uchafu wa miezi mingi barabarani na kuuteremsha kwa mkupuo mmoja.

Uingereza ilikuwa na fukwe chache kuliko nchi isiyo na bahari

Ulaya ilipopitisha sheria yake ya kwanza ya maji ya kuogelea mwaka 1976, kila nchi ilitakiwa kutaja fukwe zake ili zipimwe. Uingereza, kisiwa chenye maelfu ya kilomita za mwambao, ilitaja 27 tu. Luxembourg, isiyopakana na bahari yoyote, ilitaja zaidi. Blackpool na Brighton, miji inayojulikana kwa kuogelea kuliko yote, haikuwemo. Ukiiacha nje ya orodha, hulazimiki kuipima. Leo Uingereza inapima zaidi ya fukwe 600.

Msukumo wa mabadiliko ulianzia kwenye msiba. Mwaka 1957 binti mdogo wa Tony na Daphne Wakefield alifariki kwa polio baada ya kuogelea kwenye maji yaliyoingiliwa na majitaka. Wazazi hao walianzisha chama cha kupinga uchafuzi wa pwani, na mwaka 1960 wakatoa kijitabu cha fukwe safi kilichoitwa Golden List. Mwaka mmoja tu kabla yake, ripoti rasmi ya kitabibu ilikuwa imesema hatari ya kuugua kwa kuogelea ni ndogo mno, isipokuwa pale ambapo maji ni machafu ya kutisha macho. Familia moja iliyofiwa iliona mbali kuliko kamati.

Kasri la mchanga lina wakazi wengi

Mchanga wenye unyevunyevu mara nyingi una bakteria wengi kuliko maji yaliyo mbele yake. Chembe za mchanga huwapa kivuli dhidi ya jua, chakula na mahali pa kujishikiza. Katika fukwe saba za Marekani, zaidi ya watu 27,000 walihojiwa, na waliochimba mchanga waliugua tumbo zaidi ya wasiochimba, na waliofukiwa mchangani wakaugua zaidi bado.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliweka kwa mara ya kwanza kiwango cha kuanzia kwa mchanga: enterokoki 60 kwa kila gramu. Kwa mzazi, habari hii ina matumizi ya papo hapo. Kunawa mikono kabla ya kumpa mtoto muhogo wa kukaanga ufukweni husaidia kuzuia maradhi, kama kunavyosaidia kumzuia asinywe maji ya bahari.

Mbwa wawili, kazi mbili

Shakwe wakikaa ufukweni kwa mamia huacha vinyesi vingi mno. Kwenye fukwe za Ziwa Michigan mameneja walijaribu kuwaleta mbwa wa kuchunga kondoo wawakimbize ndege hao tangu alfajiri, na ndege walipopungua, bakteria majini walipungua pia. Mbwa haumi shakwe, anamsumbua tu mpaka ahame.

Mbwa wengine, waliofundishwa katika jimbo la Michigan, hunusa majitaka ya binadamu ndani ya mitaro ya mvua. Wakinusa harufu hiyo hubweka au huketi, na wahandisi hujua bomba la choo limevuja humo ndani. Jibu lao huja kwa sekunde.

Kahawa hueleza choo ni cha nani

Bakteria wa ng'ombe, ndege na binadamu huonekana sawa kwenye trei inayowaka. Lakini hatari yao si sawa, kwa sababu kinyesi cha binadamu ndicho hubeba zaidi virusi vya binadamu. Wapelelezi wa maji hutafuta alama nyingine. Kafeini ni mojawapo: shakwe hanywi kahawa. Baadhi ya sukari za viwandani zinazowekwa kwenye soda zisizonenepesha ni nyingine, maana hupita tumboni karibu zote zilivyo.

Alama iliyonishangaza zaidi ni virusi vinavyoitwa crAssphage, vilivyogunduliwa mwaka 2014. Havikuonekana kwanza kwa darubini. Kompyuta ndiyo iliyoviunga kutoka kwenye vipande vya vinasaba vya kinyesi cha watu, na ikabainika kuwa vimejaa matumboni mwa watu duniani bila mtu kuvifahamu. Havimdhuru binadamu, huwavamia bakteria wa tumboni tu, kwa hiyo leo vinatumika kama saini ya majitaka ya watu.

Miaka 102 ya kusubiri kuogelea

Kuogelea katika mto Seine, Paris, kulipigwa marufuku mwaka 1923. Mwaka 1990 meya Jacques Chirac aliahidi kuogelea humo, na hakuwahi. Kwa ajili ya Olimpiki ya 2024 zilitumika takriban euro bilioni 1.4. Sehemu ya fedha hizo ilijenga tangi la chini ya ardhi karibu na kituo cha Austerlitz lenye uwezo wa mita za ujazo 50,000, sawa na mabwawa 20 ya Olimpiki, la kuhifadhi maji ya dhoruba yasifurike mtoni pamoja na majitaka.

Kisha mvua ikanyesha. Mashindano ya triathlon ya wanaume yaliyopangwa Julai 30 yalisogezwa hadi Julai 31, kwa sababu vipimo vilionyesha maji hayafai. Kikomo cha mchezo huo ni E. coli 1,000 kwa mililita 100. Wanariadha bora duniani, waliojiandaa miaka minne, wakisubiri trei ya maabara! Tarehe 5 Julai 2025 wananchi wa kawaida nao walifunguliwa sehemu tatu za kuogelea mtoni, na bendera ya rangi huwaambia kila siku kama maji yanaruhusu.

Durban ilipopoteza bahari yake

Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza nje ya Ulaya kupeperusha Bendera ya Buluu, tuzo ya fukwe safi, mwaka 2001. Lakini mafuriko ya Aprili 2022 yaliyoua zaidi ya watu 400 yalivunja pia mitambo ya kusafisha majitaka ya Durban, na E. coli wakapanda hata fukwe zikafungwa kwa miezi. Mji ulioishi kwa watalii wa pwani ukajifunza kwamba pampu ya majitaka, isiyotazamwa na mtu, ndiyo iliyokuwa ikiwalinda.

Kuna mmoja asiyetoka chooni

Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus ni mkazi halali wa bahari. Hupenda maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi kali, huingia kupitia kidonda, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini anaweza kuua. Hesabu ya enterokoki haimwoni kabisa. Ulaya hutumia setilaiti zinazosoma joto na chumvi ya bahari kuchora ramani ya mahali anapoweza kustawi, hasa kwenye Bahari ya Baltiki msimu wa joto.

Udongo wa nchi za joto hudanganya mashine

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu linatuhusu sana. Ile 35 maarufu ilitokana na waogeleaji wa New York, Boston na ziwa la maji ya chumvi la Louisiana. Huko Hawaii, Roger Fujioka na wenzake waligundua kwamba katika udongo wa joto na unyevu E. coli na enterokoki huishi na kuzaana wenyewe, bila choo kuhusika. Mvua ikinyesha, vijito hupeleka udongo baharini, vipimo huruka juu, na huenda hakuna majitaka yoyote. Hawaii ikaamua kutafuta pia bakteria mwingine, Clostridium perfringens, ambaye hazaani kwenye udongo ule na hivyo ni shahidi mwaminifu zaidi.

Mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, una joto na udongo wa aina hiyo, na una masika. Una pia majitaka ya kweli, kama yale yanayoshuka na mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, hadi baharini karibu na Daraja la Selander. Kutofautisha hayo mawili kwa chupa moja ni kazi ngumu, na hapo ndipo napenda busara ya wataalamu waliokutana Annapolis, Marekani, mwaka 1998 chini ya Shirika la Afya Duniani. Walipendekeza hesabu ya bakteria isisimame peke yake, iambatane na ukaguzi wa kutembea kwa miguu: mkaguzi aufuate ufukwe mwanzo hadi mwisho, aandike vyoo viko wapi, mito inaingia wapi, boti zinamwaga nini, watu wanaoga wangapi. Gharama yake ni viatu na daftari, kwa hiyo halmashauri yoyote ya pwani inaweza kuanza wiki hii. Na wakaguzi wazoefu wana kitu kimoja wanachokitafuta kabla ya vyote: mtaro wa mvua unaotiririka wakati mvua haijanyesha kwa wiki mbili.